Gari la Spoti Linapofeli Breki

Mwezi Mei 1957, Stirling Moss aliondoka mjini Brescia, kaskazini mwa Italia, akiendesha Maserati 450S katika mbio za Mille Miglia. Kando yake aliketi Denis Jenkinson, mwandishi wa habari aliyeshinda naye mbio hizohizo mwaka 1955. Mbele yao ilikuwapo barabara ya kilomita 1,600 hivi ya kwenda Roma na kurudi. Hawakufika popote. Baada ya kilomita kama 12, Moss alikanyaga breki kabla ya kona, na pedali ikakatika, ikabaki chini miguuni pake. Mafuta ya breki hayakuwa yamevuja. Kilichokatika ni chuma cha pedali yenyewe, sehemu ambayo karibu hakuna dereva anayeiwazia. Moss alilipunguza gari mwendo kwa gia hadi likasimama, wakaligeuza, wakarudi Brescia polepole.

Wasikilizaji wapenzi, kisa hicho kinatuingiza moja kwa moja kwenye mazungumzo ya leo. Dereva akiingia gereji na kusema breki zimefeli, bado hajamwambia fundi gari lina nini. Kati ya unyayo wa dereva na lami kuna pedali, fimbo yake, busta, masta silinda, mabomba ya chuma, mipira ya breki, kalipa, pedi, diski, beringi za gurudumu na tairi. Katika magari ya kisasa kuna pia kompyuta inayosimamia vyote hivyo. Kila kimoja kinaweza kuharibika, na kila kimoja kikiharibika hutoa dalili yake. Karibu dalili zote hizo hupita kwanza kwenye mguu wa dereva. Ndiyo maana uchunguzi wa breki zilizofeli ghafla huanza na maswali, kabla jeki haijawekwa na kabla spana haijashikwa.

Fundi anayeijua kazi yake humkalisha dereva aliyetetemeka, humpa muda atulie, kisha humuuliza. Kaka, pedali ilizama hadi sakafuni au ilisimama ngumu? Ulipokanyaga mara ya pili, ilirudi juu? Ilishuka ghafla au ilishuka taratibu huku mguu umeushikilia? Gari lilivuta upande? Dakika 10 kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini: unashuka mlima, unakimbia, unatoka kwenye maji? Ulisikia harufu ya kuungua? Majibu ya maswali hayo hugawanya magonjwa katika makundi machache, na fundi aliyeyapata anajua aanzie wapi. Asiyeuliza hubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine kwa pesa ya mwenye gari, na pengine chanzo chenyewe hakiguswi.

Tuanze na joto, maana gari la spoti hupata shida hiyo kuliko gari la kawaida. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Kasi ikipanda mara 2, nishati ya gari hupanda mara 4. Gari la kilo 1,500 likisimamishwa kutoka kilomita 200 kwa saa huzalisha joto la kutosha kuchemsha karibu lita 7 za maji ya bomba, na breki zikishikwa kwa nguvu zote joto hilo huzaliwa ndani ya sekunde 6 hivi. Dereva akifanya hivyo mara moja na kuendelea na safari, diski hupoa. Akirudia kila baada ya nusu dakika, kama inavyokuwa kwenye uwanja wa mbio, diski za chuma huwa nyekundu. Joto husafiri kutoka diski kwenda kwenye pedi, kutoka pedi kwenda kwenye pistoni ya kalipa, na nyuma ya pistoni ndipo yalipo mafuta ya breki.

Mafuta hayo yana kiwango chake cha kuchemka, na viwango vimewekwa wazi. DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, DOT 4 chini ya 230, DOT 5.1 chini ya 260. Tatizo ni kwamba mafuta ya aina hizi hunyonya unyevu. Maji hupenya kidogokidogo kupitia mipira na kifuniko, hata gari likiwa limeegeshwa. Maji yakifika asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika kwa DOT 3 hushuka hadi nyuzi 140, na kwa DOT 4 hadi 155. Mafuta yakichemka, hutoa mvuke. Kimiminika hakibanwi, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika kwenye magurudumu. Mvuke hubanwa. Dereva anakanyaga, mguu unaubana mvuke, pedali inazama hadi sakafuni, na gari linaendelea kwenda.

Hapa ndipo uchunguzi mwingi unapoharibika. Dereva huokoka kwa gia na breki ya mkono, anasimama pembeni, anaita gari la kuvuta. Saa 2 zinapita. Breki zinapoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inapanda na kuwa imara kama siku gari liliponunuliwa. Fundi anakanyaga, anazunguka mtaa mmoja, anarudi na kusema breki ni nzima, dereva alishtuka tu. Gari linakabidhiwa kwa mwenyewe likiwa na mafuta yaleyale. Ugonjwa haukuondoka, umejificha hadi mteremko mwingine. Maneno ya dereva kwamba pedali ilizama baada ya kushuka mlima kwa kasi, kisha ikarudi gari lilipopoa, ni ushahidi mzito kuliko jaribio lolote la gari lililopoa.

Fundi anayetaka kuthibitisha ana pa kuangalia. Diski zilizopita kwenye joto kali hubadilika rangi na kuwa na samawati. Pedi huwa na uso unaong'aa kama kioo na kingo zilizomomonyoka. Mpira mdogo unaozuia vumbi kwenye pistoni ya kalipa huwa umekauka au kuungua. Kipo pia kifaa cha kuchemsha sampuli ya mafuta ya breki na kusoma nyuzi joto halisi, na kipo kile cha bei nafuu kinachokadiria maji kwa umeme. Timu za mbio hubandika vibandiko maalumu kwenye kalipa, vinavyobadilika rangi kufuata joto lililofikiwa, ili mtu asome hata baada ya gari kupoa. Kwa anayekwenda kwenye uwanja wa mbio, kibandiko hicho kidogo kina faida kubwa.

Afrika Mashariki joto hili halihitaji uwanja wa mbio. Anayetoka Iringa kushuka mlima Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, au anayetoka Limuru kushuka kuelekea Mai Mahiu, ana mteremko mrefu wa kutosha. Magari mengi ya spoti yaliyopo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala yalikuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Subaru Impreza ya turbo yenye umri wa miaka 15 ikinunuliwa bila kumbukumbu ya huduma, hakuna anayejua mafuta ya breki yaliyomo yana umri gani. Rimu mpya hununuliwa, bomba la moshi hubadilishwa, injini huongezwa nguvu. Mafuta ya breki, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya tairi moja, hubaki yaleyale. Mpangilio huo wa mambo ni wa hatari, na ni wajibu wa mafundi kuwaambia wateja wao bila kuwaonea haya.

Kuna joto la aina ya pili, na mguu huweza kulitofautisha. Pedali inabaki juu, imara, lakini gari halishiki. Dereva anakanyaga kwa nguvu zote na hakuna linalotokea, huku harufu ya kuungua ikijaa. Hapo mafuta hayajachemka. Pedi ndizo zimepita joto lake, na nyenzo zake zimeacha kushika chuma. Pedi mpya ambazo hazijazoeshwa joto huwa na tabia hiyo pia: gundi iliyomo huvukiza ikipata joto kali mara ya kwanza, na gesi yake hukaa kati ya pedi na diski. Ndiyo sababu gari la spoti lililofungwa pedi mpya leo asubuhi halifai kupelekwa kwenye mbio leo mchana. Pedali ikizama, angalia mafuta. Pedali ikiwa imara na gari likakataa kusimama, angalia pedi. Kwa tofauti hiyo moja fundi anaokoa nusu siku ya kazi.

Joto ndilo lililoleta diski zenyewe. Zamani karibu magari yote ya mbio yalitumia ngoma, na ngoma ikipata joto hutanuka na kuzikimbia breki shuu zilizo ndani yake, hivyo pedali hurefuka kila kona. Diski ikitanuka huisogelea pedi. Mwaka 1953, Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop, ikiendeshwa na Tony Rolt na Duncan Hamilton, ilishinda saa 24 za Le Mans kwa kasi ya wastani ya kilomita 170 kwa saa. Washindani wao wa ngoma walilazimika kuanza kupunguza mwendo mapema zaidi mwishoni mwa barabara ndefu iliyonyooka. Hata hivyo ngoma hazikufa siku moja. Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mara ya pili ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta aliyezaliwa Uganda, ilikuwa gari la spoti lenye diski mbele na ngoma nyuma. Kwenye njia za Safari adui mwingine wa breki alikuwa tope na maji. Pedi na breki shuu zikitoka mtoni huteleza, na mkanyago wa kwanza haushiki. Dereva mzoefu hugusa breki kidogokidogo akiwa bado kwenye kasi ndogo ili joto likaushe maji. Anayelalamika kwamba breki zilifeli mara moja tu, dakika moja baada ya kuvuka dimbwi, pengine gari lake halina ugonjwa wowote.

Sasa ugonjwa unaowachanganya hata mafundi wa miaka mingi. Pedali inazama kwenye mkanyago wa kwanza. Dereva anapiga mara ya pili, inarudi juu na gari linasimama. Mafuta ni mapya, hayakuchemka, hakuna hewa, hakuna panapovuja. Kilichotokea ni kwamba diski ilitikisika upande kwa upande na kuzisukuma pedi nyuma, ndani ya kalipa. Mkanyago wa kwanza ulimalizikia kuzirudisha pedi mahali pake. Wa pili ndio uliobana. Chanzo huwa beringi ya gurudumu iliyolegea, diski iliyopinda, au kitovu cha gurudumu kinachojipinda gari likipanda tuta la pembeni ya uwanja kwa kasi. Magari ya spoti yenye kalipa zilizofungwa imara, zenye pistoni pande zote mbili, huugua hivi zaidi kuliko yale yenye kalipa inayoteleza. Kipimo ni rahisi: gari liinuliwe, gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa, kisha diski ipimwe kwa saa ya kupimia huku ikizungushwa. Madereva wa mbio wana kinga yao. Kabla ya kufika kona hugusa pedali kwa mguu wa kushoto, wapime kama ipo. Kinga hiyo husaidia mbioni lakini haiponyi beringi.

Pedali ngumu ni kundi lingine kabisa. Dereva anasema alikanyaga kama anayekanyaga ukuta, na gari likapungua mwendo kidogo tu. Busta ndiyo ya kwanza kushukiwa. Busta hutumia ombwe la injini kuongeza nguvu ya mguu. Kuipima hakuhitaji hata spana. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, endelea kuishikilia, kisha washa injini. Busta nzima itaivuta pedali ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, kagua bomba la ombwe, valvu ya njia moja na busta yenyewe. Kwenye gari la turbo valvu hiyo ndogo ni muhimu sana, kwa sababu turbo ikisukuma, njia ya hewa ya injini haina ombwe tena bali ina shinikizo. Valvu isipofunga, ombwe lililohifadhiwa kwenye busta hupotea wakati uleule dereva ametoka kukimbia na anahitaji kusimama.

Mwinuko nao una sehemu yake. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Busta hufanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la ndani, kwa hiyo gari lilelile lina msaada mdogo zaidi Nairobi kuliko pwani. Busta nzima haimsumbui mtu kwa tofauti hiyo. Busta iliyochoka, ambayo mwenyewe alikuwa ameizoea Mombasa, inaweza kujulikana kwa mara ya kwanza milimani.

Kuna pia pedali ngumu inayotokana na kompyuta. Kwenye baadhi ya magari ya spoti, dereva akipiga breki kwa ghafla na kwa nguvu gari likiwa juu ya matuta, magurudumu hujifunga kwa kitambo kidogo yakiwa hewani, na ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, hutafsiri kwamba gari liko juu ya barafu. Hupunguza shinikizo, pedali hukaza, na gari husafiri mbele karibu bila breki kwa sekunde moja au zaidi. Hakuna kipuri kilichokufa. Mashine ya kusoma kompyuta huweza kusema gari halina kosa lolote. Hapa tena ni simulizi ya dereva inayofungua mlango: palikuwa na matuta, nilipiga breki kwa ghafla, pedali ikawa ngumu, kisha ikaachia.

Pedali inayoshuka taratibu huku mguu umetulia juu yake, kiwango cha mafuta kikiwa kilekile, hushitaki masta silinda. Mipira ya ndani imechakaa na mafuta yanapita pembeni mwake badala ya kusukumwa. Ugonjwa huu huzaliwa mara nyingi kwenye gereji. Gari limekaa miaka, sehemu ya mwisho ya silinda ambayo pistoni haijapata kuifikia imeota kutu na uchafu. Fundi anatoa hewa kwenye mfumo wa breki kwa mtindo wa kawaida, msaidizi anapampu pedali hadi sakafuni, na mipira laini inaburuzwa juu ya kutu kwa mara ya kwanza. Inachanika. Gari lililoingia na breki nzuri linatoka na masta silinda mbovu, na linafeli wiki moja baadaye. Kipande cha ubao chini ya pedali, kinachoizuia isifike mwisho, kinatosha kuzuia hasara hiyo, na kila gereji inaweza kuwa nacho kesho.

Mafuta yakipungua kwenye kikopo, yamekwenda mahali. Huonekana kama unyevu upande wa ndani wa tairi, au kwenye mpira wa breki uliopasuka, au chini ya zulia karibu na pedali. Kuna mahali pamoja ambapo hayaonekani: nyuma ya masta silinda, yakiingia ndani ya busta. Masta silinda ifunguliwe kutoka kwenye busta na kidole kipitishwe. Pakiwa na majimaji, jibu limepatikana. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwaka 1968 yalilazimishwa na sheria kuwa na mfumo uliogawanywa mara 2, ili njia moja ikipasuka nyingine ibaki, na leo magari yote madogo yako hivyo. Kwa sababu hiyo uvujaji wa sehemu moja kwa kawaida huacha nusu ya breki, pedali ikiwa ndefu. Breki zote 4 zikitoweka kwa pamoja, fikiria kwanza mvuke, masta silinda, fimbo au pedali yenyewe kabla ya kwenda kutafuta mpira uliopasuka.

Hapa pana onyo ambalo halina budi kutolewa. Mafuta yakipungua njiani, wapo wanaojaza mafuta ya usukani au oili ya injini ili wafike. Mafuta ya aina hiyo huivimbisha mipira ya mfumo mzima wa breki, kuanzia masta silinda hadi kalipa, na ukarabati wake ni kubadilisha karibu kila kitu chenye mpira. Jihadhari pia na namba: DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na nyingine, wakati DOT 5.1 ni ndugu wa DOT 4. Nukta moja kwenye chupa ina uzito.

Breki inaweza pia kufeli kwa kushika isipotakiwa. Tarehe 24 Machi 2024, Max Verstappen alianza mbio za Formula 1 za Australia akitoka kwenye ushindi wa mbio 9 mfululizo. Breki ya nyuma kulia ilikuwa imeng'ang'ania tangu taa zilipozimika. Joto likapanda, moshi ukatoka, moto ukawaka, na mbio zake zikaisha kabla ya mzunguko wa 5. Carlos Sainz wa Ferrari akashinda. Kwenye gari la mtaani dalili ni rimu moja yenye joto kuliko nyingine, gari kuvuta upande, na petroli kuliwa zaidi. Fundi huinua gari na kufungua kidogo nipo ya kutolea hewa ya kalipa hiyo. Gurudumu likiachia, shinikizo lilikuwa limenaswa juu: mpira wa breki uliovimba ndani, au masta silinda isiyorudisha. Lisipoachia, pistoni ya kalipa imekwama kwa kutu.

Vipo vifo vya breki visivyohusu mafuta wala busta. Jumamosi ya tarehe 5 Septemba 1970, Jochen Rindt alikuwa akifanya mazoezi ya Formula 1 katika uwanja wa Monza na Lotus 72. Gari hilo liliwekewa breki za mbele ndani ya bodi badala ya kwenye magurudumu, zikiunganishwa na magurudumu kwa mihimili. Mhimili wa mbele kulia ulikatika alipokanyaga breki kuelekea kona ya Parabolica. Upande mmoja ulishika, mwingine haukuwa na kitu cha kushika, na gari likaruka kushoto kwenye kizuizi. Rindt alifariki, na pointi alizokwisha kukusanya zilitosha kumfanya bingwa wa dunia mwaka huo. Kwa fundi, gari linaloruka upande mmoja ghafla wakati wa kufunga breki ni dalili ya kuchunguza vyuma vyenyewe: mihimili, boliti za kalipa, diski. Lewis Hamilton wa Formula 1 alikutana na hali hiyo katika uwanja wa Hockenheim mwezi Julai 2014, diski yake ya mbele kulia ilipovunjika katikati ya mchujo wa kupanga nafasi, na gari likaishia ukutani. Yeye alitoka akiwa hai.

Na kuna wakati breki hazikufeli kabisa. Baku, Juni 2021, mbio za Formula 1 zilipoanzishwa upya, Hamilton huyohuyo alifika kona ya kwanza magurudumu ya mbele yakitoa moshi na kupitiliza moja kwa moja. Watazamaji walidhani breki zimekufa. Aligusa kwa bahati mbaya swichi ya kwenye usukani iliyohamishia karibu nguvu yote ya breki kwenye magurudumu ya mbele. Miaka ya 1980 nchini Marekani, madereva wengi wa Audi 5000 walilalamika kwamba gari lilikimbia lenyewe na breki zikakataa. Serikali ya nchi hiyo ilichunguza na mwaka 1989 ikatoa hitimisho kwamba katika sehemu kubwa ya matukio mguu ulikuwa juu ya pedali ya mafuta, si ya breki. Fundi asiogope kuliwaza jambo hilo, na asimdhalilishe dereva anapoliwaza. Alama za tairi barabarani na kumbukumbu za kompyuta zitasema.

Kompyuta yenyewe imeleta sura mpya. Mwaka 2001 Mercedes-Benz ilitoa gari la spoti la SL lenye breki zinazoendeshwa kwa umeme: pedali hutuma taarifa, pampu huleta shinikizo. Mwaka 2004 kampuni iliita magari yake 680,000 hivi yarudi kwa ukaguzi wa mfumo huo. Ukikatika, hubaki breki za mbele pekee, kwa nguvu ya mguu tu. Dereva aliyezoea pedali laini hushangaa kwamba sasa anatakiwa kukanyaga kwa nguvu zake zote, na wengine huacha mapema wakidhani hakuna kitu.

Ikitokea barabarani, pampu pedali haraka mara kadhaa, shusha gia moja moja, vuta breki ya mkono taratibu. Kwenye gari lenye breki ya mkono ya umeme, bonyeza swichi na uishikilie. Injini usiizime gari likiwa kwenye mwendo. Ukishasimama, usifungue chochote na usiongeze mafuta. Piga picha kikopo cha mafuta ya breki kama kilivyo, angalia ndani ya magurudumu yote 4, na andika pedali ilivyokuwa kabla kumbukumbu haijafifia. Fundi naye asianze kwa kutoa hewa, kwa sababu akishafungua nipo amemwaga ushahidi pamoja na mafuta. Akimaliza, mwenye gari aulize chanzo kilikuwa nini na aonyeshwe kipuri chenyewe. Akijibiwa tu kwamba sasa iko sawa, gari lisiondoke gereji.

Watengenezaji wengi wa magari wanataka mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kwa anayekimbia kwenye uwanja wa mbio muda huo ni mrefu mno. Ewe msikilizaji mwenye gari la spoti ulilolinunua bila daftari la huduma, usisubiri mteremko ukupe jibu. Yabadilishe wiki hii, yote, hadi ya mwisho kwenye kalipa.